Taarifa ya Habari ya Darasa la Tatu

Mwaka nilipokabidhiwa Darasa la Tatu, nilikabidhiwa watoto wasiosema. Si kwamba walikuwa mabubu. Uwanjani walipiga kelele mpaka kunguru walihama paa la shule. Lakini kengele ikishagongwa, wakiingia ndani, wakasimama na kuniamkia kwa sauti moja, "Shikamoo mwalimu!", basi maneno yao ya siku nzima yalikuwa yamekwisha. Nikiuliza makao makuu ya nchi ni wapi, walijibu, "Ndiyo, mwalimu." Nikiuliza nani kachukua chaki, "Ndiyo, mwalimu." Siku moja kwa hasira niliwauliza kama mimi ni tembo. Wakasema ndiyo, mwalimu, na jinsi nilivyokuwa nimenenepa likizo ile, sikujua kama wanajibu kwa mazoea au kweli wameniangalia.

Shule yenyewe iko kando ya barabara inayotoka Korogwe kwenda Handeni. Ni majengo mawili marefu, uwanja wa vumbi jekundu, na mama mmoja muuza vitumbua langoni ambaye alijua mambo ya shule kuliko ofisi. Wazazi wengi ni wakulima wa mahindi, na wachache ni wafugaji wanaokaa bondeni. Nyumbani watoto huongea Kizigua, na wale wa wafugaji Kimaasai. Kiswahili cha darasani kwao kilikuwa kama nguo ya Idi: wanayo, imekunjwa vizuri, ila wanaogopa kuivaa isije ikachafuka.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa Kwamsisi, huko ndani Handeni. Likizo iliyofuata nilikuwa nyumbani kwa mama, na nilimtazama mama anavyosikiliza redio. Mama yangu hamsikilizi mtu. Ukimwambia jambo, anaendelea kupepeta. Lakini taarifa ya habari ikianza, ungo unawekwa chini, mkono unawekwa shavuni, na hata kuku wakiingia jikoni wanaachwa wale. Nikajiambia, kumbe dawa ninayo.

Jumatatu ya kwanza baada ya likizo nilikwenda darasani na gunzi la mahindi nililolivisha soksi nyeusi. Nikaweka meza yangu mbele, kiti nyuma yake, na lile gunzi juu ya kopo.

"Hiki nini?" nikawauliza.

"Ndiyo, mwalimu."

"Hii ni maikrofoni. Kila siku asubuhi mmoja wenu atakaa hapa atusomee taarifa ya habari. Habari za nyumbani kwenu."

Wakatazamana. Nikawafundisha mlio wa kuanzia: mstari wa dirishani wanasema "tii, tii, tii", mstari wa ukutani wanagonga madawati, na yule tuliyemwita kinyozi, yaani mtoto aliyekuja siku hiyo amenyolewa vizuri kuliko wote, anasema "tiiiiii" ile ndefu ya mwisho. Hilo walilipenda mno. Tulipiga ule mlio hadi mwalimu wa Darasa la Nne akaja kuuliza kama tumeletewa jenereta.

Siku za mwanzo habari zilikuwa za kusinzia. "Nyumbani kwetu tumekula ugali. Mwisho wa taarifa ya habari." Kesho yake, "Nyumbani kwetu pia tumekula ugali." Siku ya tatu mtoto mmoja akasoma kwamba kwao hawakula ugali, darasa zima likashtuka, kumbe walikula makande. Nikaona nisipofanya kitu tutafika mwisho wa mwaka tumejadili sufuria tu. Ndipo nikasema yale maneno ambayo mpaka leo wazazi wananikumbusha.

"Wanangu, habari ni jambo ambalo jirani hajalijua, lakini angelijua angefurahi sana."

Nikaona macho yakifunguka, mstari kwa mstari, kama taa zinavyowaka umeme ukirudi.

Asubuhi iliyofuata zamu ilikuwa ya binti mmoja mdogo wa umbo, mwenye pengo mbele, ambaye baba yake hulima nyanya na kuzipeleka sokoni kwa baiskeli. Mlio ukapigwa. Akakaa, akavuta kopo karibu, akakohoa kidogo kama watu wazima.

"Habari za asubuhi. Ifuatayo ni taarifa ya habari kutoka Darasa la Tatu, msomaji wenu ni mimi. Kwanza muhtasari wake. Baba ameanguka na baiskeli. Mama amecheka. Ng'ombe ametafutwa, hakupatikana. Na sasa habari kamili. Baba yangu mzazi jana ameanguka mtaroni akiwa amebeba tenga la nyanya. Akizungumza na mama, baba amesema amesukumwa na ng'ombe. Mama ametoka kumtafuta huyo ng'ombe amwone. Hakumwona. Hakuona hata mavi yake. Vijana wa bodaboda wamesema baba alikuwa anaendesha ameachia usukani, mikono juu, akiwaambia kwamba yeye bado kijana. Nyanya zimepikwa zote, tumekula mchuzi mwingi. Mwisho wa taarifa ya habari."

Watoto walipiga makofi. Mimi nilikuwa nimeugeukia ubao, nikijifanya nafuta tarehe, maana mwalimu hatakiwi kuonekana machozi yakimtoka kwa kucheka. Nilipogeuka, mikono ilikuwa juu darasa zima. Watoto wangu wasiosema walikuwa wanauliza maswali. Mama alicheka vipi? Baba aliumia wapi? Mchuzi ulikuwa na nazi? Nilitamani nimpigie simu mama yangu nimwambie.

Saa ya mapumziko habari ilitoka getini pamoja na vitumbua. Jioni ilikuwa imefika sokoni.

Kesho yake, kabla hatujapiga mlio, hodi ikapigwa mlangoni. Alikuwa mwanamume wa makamo, ameshika kofia mkononi, anachechemea.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba, mwalimu. Nimekuja kuhusu ile habari." Akashusha sauti. "Ng'ombe alikuwepo."

"Sawa, baba. Mimi nimekuelewa."

"Wewe kunielewa hakunisaidii. Imesomwa darasani, irekebishwe darasani. Jana nimepita kijiweni wananipigia milio ya ng'ombe."

Nikaona ni haki yake. Nikamkaribisha. Akakaa kwenye kile kiti, magoti yakamfika kifuani, akalichukua lile gunzi la soksi na kuligonga kwa kidole. "Moja, mbili. Moja, mbili." Alikuwa hatanii hata kidogo. Akaeleza kwamba alikuwa anakwenda zake taratibu, mikono yote kwenye usukani, ndipo akatokea ng'ombe.

Mikono ikapanda juu.

"Ng'ombe huyo alikuwa wa rangi gani?" akauliza mmoja.

"Mwekundu."

"Alikuwa na nundu?"

"Sikuangalia nundu, nilikuwa naanguka."

"Alitokea upande gani?"

"Upande wa kushoto."

Binti yake mwenyewe akasimama, kwa adabu zote. "Baba, kushoto pale ni ukuta wa msikiti. Katikati ya ukuta na mtaro hapapiti ng'ombe."

Yule baba akatazama dari. Akatazama gunzi.

"Alikuwa ng'ombe mwembamba," akasema.

Sijui nani alianza. Nadhani ni yeye mwenyewe, mabega yalimtikisika kabla ya mabega ya mtu mwingine yeyote, halafu darasa zima likalipuka, na mimi sikuwahi kuufikia ubao. Alitoka akiwa anajifuta macho kwa kofia, akamshika binti yake kichwa, akamwambia, "Wewe utakuwa hakimu, utanifunga." Langoni akamnunulia vitumbua. Tokea siku hiyo vijana wa kijiweni wakamwita Mwembamba, naye akawa anaitika.

Baada ya hapo, mambo yalinitoka mkononi. Mtoto mmoja alitangaza kwamba bibi yake ana meno ya kununua na mjukuu mdogo ameyavaa. Mwingine akatangaza kwamba mama yake aliunguza wali kwa sababu alikuwa kwa jirani akitazama tamthilia ya Kikorea, na kwamba baba alipoukuta wali mweusi aliambiwa ni wa mtindo mpya. Mtoto wa mwenye duka la vitambaa mjini, familia ya Kihindi iliyokaa Korogwe tangu enzi za babu zao, alitangaza kwamba baba yake anaogopa mjusi na hupanda juu ya kaunta. Wateja wakaanza kwenda dukani na kutazama kaunta kabla ya kuuliza bei.

Kwenye kundi la wazazi la WhatsApp, ambalo kazi yake siku zote ilikuwa kukumbushana michango na kutumiana maua ya "asubuhi njema", pakachangamka. Kila siku saa nne mtu aliuliza, "Leo kasoma nani?" Wazazi waliokuwa hawajui hata jina la mwalimu wa mtoto wao wakanijua mpaka rangi ya mkoba wangu. Na nyumbani, nilivyosikia, watu wakaanza kuwa makini. Mama mmoja aliniambia mume wake sasa akitaka kugombana anamtuma kwanza mtoto kisimani. Mwingine akasema wanagombana kwa kuandikiana meseji, wamekaa kitanda kimoja.

Wengine wakajaribu njia nyingine. Asubuhi moja mtoto wa kiume, mnene kidogo, akasoma kwa kasi bila kupumua: "Mama yangu ni mpishi mzuri kuliko wote kijijini, hajawahi kugombana na shangazi, na sufuria ya shughuli iliyopotea hana yeye, mwisho wa taarifa ya habari."

"Hiyo habari umeipata wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mama. Amenipa andazi nisome hivyo."

"Na sufuria?"

"Iko uvunguni, mwalimu."

Sufuria ilirudi kwa mwenyewe siku hiyo hiyo, imesuguliwa mpaka inang'aa.

Labda tungefika mwisho wa mwaka hivyo hivyo, lakini darasani kwangu kulikuwa na mjukuu wa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mrefu, mpole, mwenye koti la kahawia analolivaa hata jua likiwaka vipi, na hotuba zake za mstarini ni ndefu kiasi kwamba watoto wa mbele huanza wamesimama na kumaliza wameegemeana. Mjukuu wake alikuwa msichana mtulivu, sikumtilia shaka hata kidogo.

"Babu yangu," akasoma, "ambaye pia ni mwalimu mkuu, hufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha kabati. Akimaliza, anajipigia makofi. Bibi akiuliza ni nini, babu anasema anaua mbu. Bibi amesema mbu wa nyumba ile wanapenda sana hotuba. Mwisho wa taarifa ya habari."

Kabla ya saa nne niliitwa ofisini.

Alikuwa ameketi nyuma ya meza, koti limefungwa vifungo vyote. Akanionyesha kiti.

"Mwalimu," akaanza, "mimi nathamini ubunifu."

"Ahsante, Mkuu."

"Ni kweli kabisa nathamini. Lakini nataka ufahamu kwamba nyumbani kwangu mbu wapo."

"Ndiyo, Mkuu."

"Wapo wengi."

"Ndiyo, Mkuu." Nilishtukia kwamba sasa mimi ndiye nimekuwa Darasa la Tatu.

Akachezea kalamu. Nilimwona anapambana na jambo, halafu likamshinda. "Walicheka?"

"Kidogo tu, Mkuu."

"Nasikia hadi Darasa la Nne."

Akaamua kuitisha kikao cha wazazi, jambo hili lijadiliwe na wote. Lazima niseme kwamba vikao vya wazazi shuleni kwetu vilikuwa vya kusikitisha. Tuliandaa madawati ya darasa zima wakaja watu wa kujaza benchi moja, nao wakiwa wameegemea mlango tayari kuondoka. Safari hii mwalimu mkuu alipotoka nje ya ofisi alirudi ndani, akidhani kuna msiba. Watu walikuwa wamejaa darasani, madirishani, na wengine wamekaa juu ya matofali ya choo kisichokwisha kujengwa. Wababa ambao hatujawahi kuwaona walikuja na mashati ya Ijumaa. Mzee mmoja mfugaji alikuja ameshika fimbo yake, akakaa mbele kabisa. Hata watu wasio na watoto walikuja.

Mwalimu mkuu akafungua kikao, akaanza na mahudhurio ya wanafunzi, akaja kwenye michango ya uji. Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Mkuu, tusomewe kwanza habari!"

"Hiyo imo kwenye mengineyo."

"Basi tuanze na mengineyo!"

Ikabidi. Wengine walisema taarifa ile ifutwe, inavunja nyumba za watu. Mama wa wali mweusi akasimama akasema yeye nyumba yake haijavunjika, ila mumewe sasa anapika mwenyewe Jumapili, na kama hiyo ndiyo kuvunjika basi iendelee. Yule baba wa baiskeli akatetea kwamba watoto sasa wanaongea Kiswahili safi, binti yake anamsahihisha ngeli kila siku mezani. Mtu mmoja akamlilia mlio wa ng'ombe kutoka dirishani. Akageuka akainama kama anayeshukuru wageni.

Mabishano yalikwenda mbele na nyuma mpaka mwalimu mkuu akagonga meza.

"Nimeamua," akasema. "Taarifa itaendelea. Lakini kuanzia kesho ni marufuku kutaja binadamu. Watoto watasoma habari za mifugo tu. Mbuzi, kuku, ng'ombe. Hapo hakuna wa kuaibika."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akashusha kichwa kidogo, akayapokea, na nikaona mdomo wake ukitabasamu chini ya masharubu. Yalikuwa makofi halisi, ya mikono ya watu wengine.

Kesho yake mtoto wa kwanza akakaa mezani.

"Kwetu kuna jogoo mmoja," akaanza. "Jogoo huyo ana kitambi na kofia. Jana jogoo alikoroma mpaka kuku jike akachukua mto wake, akahamia kulala kwa vifaranga. Asubuhi jogoo ameuliza kwa nini chai haina sukari. Kuku jike amemwambia amuulize aliyekuwa anakoroma. Mwisho wa taarifa ya habari."

Nilikaa nikitafuta kosa. Binadamu hakutajwa. Marufuku haikuvunjwa. Nikasema, "Vizuri sana, kaa."

Tangu siku hiyo kijiji chetu kikawa na mifugo ya ajabu. Nyumba ambazo hazijawahi kufuga hata njiwa zikawa na beberu anayekwepa kazi ya shamba akisema mgongo unamuuma, bata mzinga anayesengenya kisimani, kondoo mzee mwenye meno ya kununua. Mtoto wa duka la vitambaa, ambaye kwao kuna paka tu, alituletea habari za paka anayeogopa mjusi na kutoza bei tofauti kwa kila mteja. Wazazi hawakuweza kulalamika. Mzazi akija kusema "Yule beberu ni mimi", atakuwa amejitaja mwenyewe.

Tatizo lilikuwa mtoto wa yule mzee mfugaji. Huyu peke yake darasani ndiye aliyekuwa na mifugo ya kweli, na alikuwa mkweli kama maji. Zamu yake ilipofika akasoma, kwa Kiswahili alichokipanga neno kwa neno: "Kwetu kuna ng'ombe mwenye baka jeupe usoni. Ng'ombe huyo amezaa jana. Amezaa mtoto wa kike. Wote wazima. Mwisho wa taarifa ya habari."

Darasa likainama mbele.

"Ni nani huyo?" akanong'ona mmoja.

"Ni ng'ombe," akasema mtoto.

"Tunajua ni ng'ombe. Lakini ni nani?"

"Ni ng'ombe wetu."

"Baka jeupe usoni," akasema mwingine polepole, akifikiri. "Mke wa mjomba wake anapakaga poda."

Nikawaambia wanangu, safari hii ni ng'ombe kweli. Wakanitazama kwa huruma, kama mtu asiyeelewa habari. Mchana habari ilifika langoni, ikapita kijiweni, na jioni kina mama wa jirani walijipanga wakaenda bondeni na kanga mpya, sabuni ya unga na ndoo ya uji wa pilipili manga, wakiimba, kumpongeza mzazi. Yule mzee mfugaji aliniambia mwenyewe baadaye, kwa sauti ya mtu ambaye bado hajapona mshangao. Aliwakaribisha, maana mgeni ni mgeni. Wakauliza mzazi yuko wapi. Akawapeleka zizini.

"Wakafanyaje?" nikamuuliza.

"Walimtazama ndama. Halafu mmoja akasema, mtoto mzuri, kafanana na mama."

"Na uji?"

"Tulikunywa. Kanga wameacha. Mke wangu anaivaa." Akafikiri kidogo. "Mwalimu, nyinyi watu wa huku mnapenda sana ng'ombe. Sikujua."

Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Sasa, wakati wote huo mimi nilijiona niko salama. Nilikuwa naishi peke yangu kwenye nyumba ya walimu, sina mume, sina mtoto, sina hata kuku. Nani angenitangaza? Lakini kulikuwa na fundi mmoja anayefanya kazi kwenye mtambo wa umeme pale Hale. Tulifahamiana kwenye basi lililoharibika, na kwa kuwa mimi nilikuwa huku na yeye kule, tulikuwa tukikutana Segera njia panda siku za Jumamosi. Segera ni pazuri kwa mambo ya siri. Mabasi ya Tanga, Arusha na Dar es Salaam yote yanasimama pale, kila mtu ni mpita njia, na hakuna anayeangalia mwenzake kwa sababu wote wanaangalia machungwa. Hivyo ndivyo nilivyodhani.

Jumatatu moja binti yule mwenye pengo akakaa mezani. Mlio ukapigwa. Akanitazama, akatabasamu, pengo likaonekana lote.

"Kuna ndege anaitwa kanga," akaanza, "mwenye madoa mazuri, anayeishi karibu na shule. Kanga huyu anafundisha vifaranga kusoma. Jumamosi kanga ameonekana Segera na jogoo mmoja mrefu. Jogoo alikuwa anammenyea kanga machungwa. Kanga anayo mikono yake mwenyewe lakini alikubali kumenyewa. Kanga alicheka sana, hata jogoo alipokuwa hajasema kitu. Wamechukua mahindi ya kuchoma, wakala hindi moja watu wawili."

"Ndege wawili," akamsahihisha mwenzake.

"Ndege wawili. Mwandishi wetu, ambaye ni kaka yangu anayeuza maji pale, amesema jogoo alilipa. Mwisho wa taarifa ya habari."

Hakukuwa na makofi. Darasa zima lilinigeukia, likisubiri. Niliangalia ubao, ubao ulikuwa umeshafutwa.

"Vizuri," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kuliko nilivyokusudia. "Kanga ni ngeli ya ngapi?"

Saa ya mapumziko sikutoka. Mwalimu mkuu akapita dirishani, koti na vyote, akasimama. "Mwalimu," akasema kwa upole mkubwa, "nadhani machungwa ya Segera yana mbu wengi." Akaondoka zake akijipigia makofi taratibu.

Miongoni mwa wazazi wa darasa langu kulikuwa na mama ambaye dada yake ameolewa Kwamsisi. Kwa hiyo habari ilipanda simu, ikavuka Handeni yote, ikateremka mpaka uani kwa mama yangu. Kabla ya juma kwisha simu yangu ikaita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima, mama."

"Nasikia kuna jogoo."

Nikakaa chini. "Mama, nani kakwambia?"

"Mrefu, wamesema. Anamenya machungwa." Nikasikia anaweka kitu chini, nadhani ungo. "Anamenya kwa kuzungusha ganda lisikatike, au anakatakata hovyo?"

Nikafikiri. Kwa kweli nilikuwa nimeliangalia sana jambo hilo. "Anazungusha, mama. Ganda linatoka zima."

"Basi alete wazee wake," akasema, na simu ikakatika, kwa sababu mama yangu akishasema la maana hapotezi salio.

Nilipomweleza yule fundi, alifurahi, halafu akaogopa, halafu akanunua machungwa, akafanya mazoezi ofisini kwao Hale mpaka wenzake wakauliza kama amehamishiwa jikoni. Wazee wake walikwenda naye Kwamsisi kwa pikipiki mbili, wakafika wekundu kwa vumbi kama wametoka kuokwa. Mama aliwapokea vizuri. Baada ya maneno yote ya heshima kwisha, akaleta beseni la machungwa na kisu, akaliweka mbele ya kijana, akakaa na mkono shavuni. Nimeambiwa ganda lilitoka zima. Mahari ikajadiliwa kwa dakika chache tu.

Niliporudi darasani Jumatatu iliyofuata niliamua niseme mwenyewe kabla hawajanisemea. Nikawaambia wapige mlio. Nikakaa kwenye kile kiti, nikashika gunzi, ambalo soksi yake ilikuwa imechakaa mpaka punje chache zilizobaki zinaonekana, nikawasomea kwamba kanga ameposwa, kwamba nikaha itakuwa Kwamsisi, na baadaye patakuwa na sherehe ndogo Korogwe ambayo Darasa la Tatu wote wanakaribishwa.

Walishangilia mpaka mwalimu wa Darasa la Nne akaja, safari hii hakuuliza jenereta, alikaa tu akasikiliza. Kisha mikono ikapanda. Kutakuwa na pilau? Itakuwepo. Na soda? Nayo. Jogoo ataleta machungwa? Nitamwambia.

Nyuma kabisa mtoto wa mzee mfugaji alikuwa ameinua mkono muda mrefu, uso umekunjamana kwa kufikiri.

"Mwalimu," akasema, "tutaalikwa kama watu au kama mifugo?"

Nikamwambia waje kama watu. Walikuja kama watu, wamepakwa mafuta, wamevaa viatu, wakaniamkia kwa sauti moja. Lakini sinia za pilau zilipowekwa chini, mama yangu, aliyekuwa amekaa karibu nami, aliwatazama kwa muda, akaniinamia sikioni, akasema yeye kwa umri wake wote hajaona kundi lililolishwa vizuri namna ile, na akauliza kama tuna zizi la kutosha.